Lile Ini Uliloniuliza

Mwanangu Sabina,

Habari za blanketi, za sabuni, za kutopokea chakula cha mtu njiani na za kukumbatia mkoba wako usingizini nimewaachia shangazi zako. Wameshazisema zote, na jana pale ukumbini, kwenye sherehe ya kukuaga, wakazirudia kwa kipaza sauti. Yule mwenyekiti wa kamati naye, ambaye hajui unakwenda kusomea nini, akatueleza kwa kirefu jinsi utakavyowatibu wazee wa Mbulu ukirudi daktari. Huendi kuwa daktari. Unakwenda kukata ubongo wa panya vipande vyembamba na kuvimwagia dawa. Lakini ungemwambia hivyo angekosa hotuba, na mtu yule bila hotuba ni suti tupu.

Ninaandika mchana, wakati umekwenda Nambis na mjomba wako Boay kumuaga bibi. Ukiwa hapa mbele yangu nitaanza kukemea, unanijua. Tangu Jumapili ile uliponiuliza swali mezani, tunaishi kama wapangaji wawili: shikamoo, marahaba, chai iko kwenye chupa. Uliniuliza, "Mama, una hakika ile rangi kwenye ini ilitokana na kingamwili? Haikuwa ya ini lenyewe?" Nami nikakuambia ukaoshe vyombo. Uliviosha, tena vizuri, na hukuuliza tena. Kesho asubuhi unaondoka na swali lako halijajibiwa. Sitaki uondoke hivyo, na hilo tu ndilo lililonikalisha na kalamu, mimi ambaye barua za wazazi kwa watoto wao nimeziona siku zote kuwa ni kilio cha kujionyesha.

Hadithi ya ini umekua nayo. Umeisikia kwenye kipaimara chako, umeisikia kwenye harusi ya binamu yako, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaisikia kila mwaka nikifika mada ya majaribio. Kila ninapoisimulia, mimi ndiye mjanja na wengine wote ni mazuzu. Leo nairudia kwa sababu maabara unayokwenda ni ileile niliyoitoka kwa hasira, na barua yao ya kukupokea inasema wazi kwamba utaanza kazi na kingamwili kilekile. Profesa aliyekuwa mkuu wake amestaafu. Nasikia bado anakuja siku za Alhamisi kunywa chai na kusahihisha watu.

Nitaieleza kana kwamba hujui kitu, maana nimegundua kwamba mahali ninapoharakisha ndipo ninapodanganya.

Seli za ubongo zinaongea kwa kemikali inayoitwa glutamati. Seli inayosikiliza ina protini juu yake, kipokezi, cha kuidaka ile kemikali. Tulidhani, na wengi bado wanadhani, kwamba vipokezi hivyo vikizidi kazi, mtu anaanguka kifafa. Sasa, kipokezi hukioni kwa hadubini hivihivi. Watu wakachukua kipande cha ile protini, wakamdunga sungura, na damu ya sungura ikatengeneza kingamwili cha kuing'ang'ania. Unakimwaga juu ya kipande chembamba cha ubongo, kinashika pale penye kipokezi. Halafu unaweka kingamwili cha pili, kinachokishika kile cha kwanza, nacho kimebeba kimeng'enya. Ukitia dawa ya rangi, kimeng'enya kinaigeuza kahawia. Penye kahawia, tuliambiwa, ndipo kipokezi kilipo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyokuja na kichupa, na kwa watu wale karatasi ya kichupa ilisomwa kwa sauti ya Injili.

Profesa alikiweka kile kichupa kwenye friji yenye kufuli, kana kwamba tungekinywa na chai. Wageni wakija, na walikuja wengi kwa sababu alipenda wageni kuliko kazi, aliwapeleka kwenye hadubini mmoja mmoja na kuwaonyesha ile kahawia yake. Wakainama, wakasema "aisee", wakainuka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Unajuaje kwamba ni chenyewe?" Wenzangu watatu niliokuwa nao walikuwa wa aina hiyohiyo. Walikuwa na digrii nzuri na viatu vizuri, na kila mmoja alikuwa anaandika tasnifu juu ya rangi ya kahawia. Nilipouliza mimi, mmoja akaniambia, "Dada, acha kuleta ushamba. Imeandikwa pale."

Ushamba. Wewe umemkuta babu yako ameshazeeka, lakini enzi zake hakununua nguruwe bila kumlaza chini. Mmoja anamkalia shingoni, mwingine anapenyeza kijiti mdomoni, ulimi unavutwa kwa kitambaa, na mnunuzi anapitisha kidole chini yake kutafuta vipunje vya minyoo. Nguruwe anapiga kelele kijiji kizima, muuzaji ananuna kana kwamba ametukanwa, na hakuna anayemjali. Kila mtu Nambis anafanya hivyo, mwenye akili na asiye nazo. Nami nilikuwa nimekaa kwenye jengo lenye viyoyozi na watu walionunua kitu kutoka ng'ambo bila kukifungua mdomo. Niliwadharau, Sabina. Niliwadharau kwa raha kabisa, na mpaka leo nikiwakumbuka ile raha inarudi.

Nilikwenda pale kwa ajili ya Boay. Hilo nalo huwa naliruka kwenye hadithi, kwa sababu linaharibu vichekesho. Mjomba wako alianza kuanguka akiwa mdogo. Ile alama kwenye mkono wake ni ya jikoni kwetu, aliangukia moto mimi nikiwa nimetoka kuchota maji. Kila likizo nilipofika nyumbani, kabla hajanipokea begi, alikuwa anauliza, "Dada, mmeshaiona hiyo kitu ya kichwani?" Namwambia bado kidogo. Anasema, "Haya, mkiiona mniambie," halafu anakwenda zake kwa ng'ombe.

Likizo moja baba alichinja mbuzi kwa ajili yangu. Nilikuwa nimekuja na kichupa cha formalini kwenye begi, nimepanga kabisa. Kipokezi kile ni cha ubongo; kwenye ini hakitegemewi. Basi ukikimwaga kile kingamwili juu ya ini na ini likawa kahawia, ujue kinashika hata visivyokihusu. Baba alipomfungua tu mbuzi, nikaingiza mkono, nikakata kipande cha ini kabla ya mtu yeyote, nikakitumbukiza kwenye kichupa. Bibi yako alinitazama kama mwizi.

"Wewe dasi," akasema, maana mpaka leo ananiita msichana, "watu wanasubiri kula, unaweka nyama kwenye dawa ya maiti?"

"Ni ya kazi, mama."

"Kazi gani hiyo ya kuharibu ini?"

Boay akamwambia, "Mwache mama. Ni ya kichwa changu hiyo."

Nikarudi nalo mjini. Nikaligandisha kwenye nta, nikalikata, nikalipaka kwa utaratibu uleule tuliokuwa tunautumia kwa ubongo wa panya, hatua kwa hatua, sikubadilisha chochote. Kumbuka hapo, sikubadilisha chochote. Likatoka kahawia tupu, kahawia zaidi ya ubongo wenyewe. Nilicheka peke yangu pale mezani mpaka mlinzi akachungulia.

Kikao cha Ijumaa nikaionyesha ile slaidi ukutani. Sikumweleza Profesa pembeni kwanza, kama mtu mwenye adabu angefanya. Nilitaka aumbuke mbele za watu, na nilikuwa nimevaa nguo ya kanisani kwa ajili ya shughuli hiyo. Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa koti. Halafu akasema, na maneno yake nayakumbuka yote, "Ini ni kitu kichafu, binti. Ini lina mambo yake. Na hili la mbuzi wenu wa sherehe, sijui mmelifanyia nini huko Mbulu."

Watu wakacheka. Yule wa ushamba alicheka mpaka akajifuta macho kwa tai.

Mimi nilisikia Mbulu. Nilisikia mbuzi wenu wa sherehe. Nikaona uso wa baba akiwa ameinama juu ya yule mbuzi, mikono imejaa damu, amefurahi kwamba binti yake amekuja, na huyu mzee anamfanya kichekesho cha Ijumaa. Nikakusanya vitu vyangu. Nikachukua na kile kipande cha nta chenye ini ndani yake, wiki hiyohiyo nikarudi nyumbani, na sikumaliza ile digrii niliyokuwa naisomea pale. Nikaajiriwa kufundisha, nikaolewa na baba yako, nikakupata wewe. Na dharau yangu nikaitunza vizuri kuliko nilivyotunza kitu kingine chochote ndani ya nyumba hii.

Umeiona ikifanya kazi. Mkuu wa shule akisema jambo la maana, natafuta kwanza kama shati lake limechomekwa sawa. Padri mgeni akikosea jina la jumuiya, mahubiri yake yote nayatupa. Walimu wenzangu wameacha kunionyesha maandalio yao, na mimi nikajiambia wananiogopa kwa sababu mimi ni mkali wa kazi. Wananikwepa tu, mwanangu, kama mtu anavyokwepa mbwa mwenye kelele hata kama hajawahi kung'ata. Hilo nimelijua siku nyingi. Halikunisumbua, kwa sababu nilikuwa na ini. Nilikuwa na siku moja maishani mwangu ambayo nilikuwa sahihi na wakubwa wakawa wajinga, na mtu mwenye siku kama hiyo anaweza kuishi juu yake muda mrefu sana.

Halafu wewe, na digrii yako moja, ukiwa unamenya viazi pale mezani, ukaniuliza lile swali.

Ulijua unachouliza. Nilikuona umeliandaa. Basi hili hapa jibu, na nimelala nalo tangu Jumapili ile.

Ile kahawia inaletwa na kimeng'enya kilichobebwa na kingamwili cha pili. Lakini ini lina vimeng'enya vyake lenyewe, na damu inavyo, vinavyoweza kuigeuza ile dawa ya rangi bila msaada wa kingamwili chochote. Ndiyo maana vimeng'enya vya ini huzimwa kwanza kwa dawa, kabla ya kitu kingine. Sisi kwa ubongo hatukuiruka hatua hiyo kwa uvivu, hatukuihitaji sana: wale panya tuliwasafisha damu yote kwa maji ya chumvi kupitia moyoni kabla ya kutoa ubongo. Mbuzi wa baba hakusafishwa na mtu. Lile ini nililitoa likiwa linatiririka damu, na nikalipaka kwa utaratibu wa ubongo wa panya, nikajisifu kwamba sijabadilisha chochote.

Sikulizima. Wala sikuweka kipande kingine cha ini kisichotiwa kile kingamwili kabisa. Kingekuwa kahawia nacho, ningejua kwamba kingamwili kimesingiziwa. Kingebaki cheupe, ningekuwa na haki ya kucheka mpaka leo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mimi niliyekwenda pale kuwafundisha watu kufungua mdomo wa nguruwe, nguruwe wangu mwenyewe nilimbeba amefungwa mdomo. Na sote Nambis tunamjua nguruwe mwenye ulimi safi aliyekutwa amejaa vipunje mapajani siku ya kuchinjwa, kwa hiyo hata kile kipimo nilichojivunia hakikuwa cha kujivunia hivyo.

Kwa hiyo jibu ni kwamba sina hakika, Sabina. Sijui. Inawezekana kingamwili kile ni kibovu kama nilivyosema. Inawezekana ni kizuri kabisa na lile ini lilijipaka rangi lenyewe, na yule mzee aliniambia ukweli siku ileile, "ini lina mambo yake," ila aliuviringisha ndani ya tusi na mimi nikashika tusi nikaacha ukweli.

Usije ukadhani nimeanza kumpenda. Alichokisema alikisema kwa kubahatisha. Kama alijua ini lina mambo yake, angesema, "Nenda kalizime, ongeza kipande kisicho na kingamwili, tuone Ijumaa ijayo." Mwalimu angesema hivyo. Yeye alitaka watu wacheke, na alipokwisha kuwachekesha hakuona haja ya kujua. Kichupa chake kilibaki bila kupimwa, na tasnifu za wale watatu zikajazwa kahawia ambayo mpaka leo hakuna aliyeiuliza swali. Yeye alinidharau mimi, mimi nikamdharau yeye, na kati yetu hakuna aliyetaka kuingia maabara Jumatatu. Nikimfikiria namwona mtu mdogo. Siku hizi nikijiangalia kwenye kioo cha pale kabatini namwona wa pili.

Nilipofika nyumbani safari ile ya mwisho, Boay alikuwa kwenye zizi. Akaniuliza kama kawaida, "Dada, mmeshaiona?" Nikamjibu, "Wale ni wajinga watupu." Akasubiri kidogo, akidhani naendelea. Akasema, "Sawa," akageuka kufunga lango. Hajaniuliza tena. Nilikaa miaka yote hii nikidhani ameridhika na jibu.

Kuna kitu cha mwisho, nacho ndicho ninachotaka ukisome ukiwa umekaa. Ukifungua begi lako, katikati ya sweta mbili, utakuta kopo la majani ya chai. Usiwape wenzako wachemshe. Ndani kuna kipande cha nta, na ndani ya nta kuna ini la mbuzi wa babu yako. Limekaa nyuma ya sahani za wageni tangu kabla hujazaliwa, na baridi ya Mbulu imelitunza. Nilijiambia nalihifadhi kama ushahidi. Mtu mwenye ushahidi huupeleka mahali. Mimi niliuficha nyuma ya sahani, na nadhani unaelewa kwa nini, kwa sababu ulielewa ile Jumapili kabla yangu.

Ukifika, watakupa kichupa na utaratibu wao, na watakuambia imeandikwa pale. Utawaona. Kutakuwa na mwenye viatu vizuri, haikosekani. Wewe una ulimi wangu, nimekusikia ukimwigiza mwenyekiti wa kamati jana usiku na nilijifunika kanga nisionekane nacheka. Wacheke jioni ukiwa chumbani kwako, ni haki yako. Lakini asubuhi mtu wa viatu vizuri akisema neno, litoe kwenye mdomo wake, lisafishe, uliangalie kama neno tu. Mimi sikuweza kufanya hivyo hata mara moja, na angalia nilipo: mwalimu anayeogopwa na watoto wa watu, aliyemtuma bintiye akaoshe vyombo kwa sababu aliuliza swali zuri kuliko la mama yake.

Likate lile ini. Weka kipande kimoja chenye kingamwili na kimoja kisicho nacho, halafu zima vimeng'enya kwenye vingine na kwenye vingine usizime, uviweke vyote pamoja siku moja. Usingoje kikao cha Ijumaa, wala usivae nguo ya kanisani. Kama mwongo ni kingamwili, mwambie anayehusika, mwonyeshe, kaa hapohapo mpaka aelewe. Usikusanye vitu vyako. Kama ni ini, niambie hivyohivyo, bila kunibembeleza. Nitakuwa nimekosea jambo moja. Yule mzee bado amebaki na mengi ya kudharauliwa, sitakosa kazi.

Nasikia mbwa wanabweka, nadhani mmefika. Nitaiweka hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na usiku tutakula kama kawaida, nami nitakukemea kwa jambo fulani, vumilia.

Jibu likitoka, usinipigie mimi kwanza. Mpigie mjomba wako Boay, umwambie mmeona nini, hata kama ni kidogo, hata kama hakieleweki. Yeye ndiye aliyeuliza wa kwanza.

Mama yako